Mwalimu Asiyeogopa

Mume wangu Kheir alikufa akingoja chai. Nilimwacha amekaa ukumbini, nikaingia jikoni, nikarudi na kikombe, nikamkuta amekaa vile vile na hayupo. Daktari akasema presha. Nikaweka kikombe chini, nikaita watu, na tangu hapo watu wamekuwa wakinitazama kama wanaongojea sufuria ichemke. Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati: sikulia. Sikulia maiti ilipotoka, sikulia kwenye khitma, sikulia ndani ya eda, na eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa, nikauliza kama unga upo.

Mama mkwe wangu, Bi Kidawa, ambaye nakaa naye mjini, Kikwajuni, hakulipenda jambo hilo. "Huyu ana moyo wa jiwe," aliwaambia majirani, kwa sauti iliyopimwa inifikie jikoni. Zamani ningemjibu. Mimi ni mtu wa Matemwe, nimekulia kwenye mwani, na wanawake wenzangu kule walikuwa wakihama upande nikianza kusema. Lakini kukasirika nako kunataka nguvu. Maneno ya Bi Kidawa yalinipita kama yanasemwa nyumba ya pili, juu ya mtu nisiyemjua.

Ndipo akaja Ubwa. Ubwa ni mwalimu mkuu wa klabu ya vyombo vya tanga iliyoko pwani, si mbali na bandari ya Malindi, na Kheir alikuwa fundi wao wa kuziba vyombo na kushona tanga. Alikaa barazani, hakuingia ndani, akatazama vidole vyake vya miguu.

"Bi Bashira, pole nshakupa," alisema. "Leo nimekuja na shida yangu mwenyewe."

Shida yake ilikuwa wasichana. Klabu ilikuwa imewaandikisha wasichana wa skuli kujifunza kuendesha vyombo, na wazee wao walikubali kwa sharti moja, kwamba atakayekaa nao chomboni, atakayewashika mkono na kuwavuta majini, awe mwanamke. Mwanamke mwenye cheti cha kufundisha hakuwepo. Bodi ya klabu ilikuwa imemwambia Ubwa kwamba mwaka ukimalizika bila mwalimu huyo kupatikana, darasa la wasichana lifungwe.

"Sasa mimi naingilia wapi?"

"Kheir alikuwa akituringia. Anasema, mke wangu anaogelea kuliko nyie nyote. Sisi tukamwita mwongo."

"Hakuwa mwongo."

"Basi njoo Jumamosi tuone."

Nilikubali kwa sababu kukataa kungetaka maelezo. Baadaye watu walisema eti nilikwenda kumtafuta marehemu kwenye vyombo alivyovitengeneza kwa mikono yake. Watu wanapenda mambo yawe matamu. Nilikwenda kwa sababu Ubwa alikuwa ameshasimama aondoke, nami Jumamosi sikuwa na kazi.

Vyombo vya klabu ni vidogo, vya faiba, vyenye tanga moja na nafasi ya watu wawili wasiogombana. Ukikaa vibaya vinapinduka. Ukikaa vizuri vinapinduka vile vile, ila kwa adabu. Kwa hiyo somo la kwanza si kwenda, ni kupinduka: unakilaza chombo makusudi, unatoka chini ya tanga, unazunguka upande wa pili, unakanyaga ule ubao wa kati unaotokeza chini, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote mpaka kinainuka. Tulikuwa wanafunzi wachache wazima, wengi wao vijana wanaotaka kazi za hoteli za pwani ya mashariki. Vijana walikuwa wakitoka majini macho yamewatoka, wanatema, wanamtaja Mungu. Mimi nilikuwa natoka, nakinyanyua, napanda, nakaa.

"Wewe huogopi?" waliniuliza.

"Niogope nini?"

Walidhani naringa.

Nikajifunza kushika mkono wa usukani nyuma ya mgongo na demani mbele, yaani ile kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga. Nikajifunza kubisha, kwenda kinyume na upepo kwa kukata huku na kule kama mtu anayepanda mlima kwa mzunguko. Nikajifunza nani ampishe nani baharini, na mafundo, na namna ya kumrudia mtu aliyeanguka bila ya kumpitia juu. Darasani nilikaa na vijana ambao ningeweza kuwazaa, nikaandika. Ubwa hufundisha kwa kupiga kelele, na sauti yake inafika kisiwani Bawe. Vijana walikuwa wakitetemeka. Kwangu ilikuwa sauti tu, kama ya muuza samaki. Nilifanya alichosema, alipokisema, na mkono wangu haukusita.

Nikapata cheti cha daraja la kwanza, kisha cha pili. Ubwa alifurahi kiasi cha kukohoa mara kadhaa mfululizo. Nilivipeleka vyeti nyumbani nikavitia ndani ya kabati, chini ya mashuka. Bi Kidawa aliuliza ni vitu gani vile, nikamwambia ni vyeti. Akauliza vya nini, nikamwambia vya kuendesha chombo. Akasema, "Mwanangu yuko kaburini na mkewe anacheza majini." Nikamuuliza kama atakula wali au mkate.

Wasichana walikuja alasiri baada ya skuli. Mimi nilikaa nao chomboni kama msaidizi, Ubwa akatufuata kwa mbali na boti ya mpira yenye mashine, anapiga kelele zake kutokea huko. Walikuwa watoto wa mjini, wenye vinywa. Klabu iliwapa suruali, mashati ya mikono mirefu na kofia za kuogelea zinazobana kichwa chote mpaka shingoni, wakavaa, wakachekana. Kuliko wote alikuwa Ummkulthum, mtoto wa Malindi, mwembamba, meno mbele, anayeuliza maswali mpaka upepo ugeuke. Aliuliza kwa nini sicheki. Nilimwambia ameze maji kidogo aone kama nitacheka. Alidhani ni mzaha, akacheka yeye kwa niaba yetu sote wawili.

Nilimpenda? Sijui. Nilijua kwamba chombo alichokuwemo kilikwenda vizuri. Wakati ule hicho ndicho nilichokuwa naweza kukiona juu ya mtu.

Mtahini aliitwa Salhiya. Alikuja kutoka Dar kwa boti ya asubuhi, mwanamke mfupi wa makamo, buibui limekunjwa vizuri ndani ya begi, kavaa tayari suruali ya majini na kofia ile ile ya kubana. Ndiye anayetahini walimu wa tanga upande wetu wote wa pwani. Hana maneno mengi. Aliingia chomboni pamoja nami, akaniambia nimfundishe kama mtoto asiyejua kitu, nami nikamfundisha. Tulipofika nje akajitupa majini bila ya kuniambia. Nikakizungusha chombo kama nilivyofunzwa, nikakisimamisha kando yake, nikamkamata jaketi la kuokolea, nikampandisha. Akakaa, anachuruzika.

Halafu ukaja upepo. Ulitoka upande wa kisiwa cha Changuu, mweusi juu ya maji, na ngalawa zilizokuwa nje zilianza kushusha tanga moja baada ya moja. Niliziona. Nikalegeza demani kidogo, nikaegemea nje, nikaendelea na somo pale nilipokuwa nimefikia. Chombo kilisimama ubavu. Salhiya alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Tulifika pwani salama, bila ya kupinduka, na nikafunga kamba kwa fundo sahihi.

Alinikalisha nyuma ya banda la vyombo. "Uliziona ngalawa zinashusha tanga?"

"Niliziona."

"Ulidhani zinashusha kwa nini?"

"Kwa upepo."

"Uliogopa?"

Nilifikiri. Nilitaka kumjibu kweli. "La."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinitazama, si kwa ubaya. "Ufundi unao, Bashira. Kuna walimu wangu wenye miaka kazini hawashiki usukani kama wewe. Lakini anayefundisha watoto ni lazima kitu kimwambie turudi. Kwako hakuna kinachokwambia. Ningekuwa mtoto wa darasa la sita mle ndani, ungenipeleka mpaka Bagamoyo kwa fundo sahihi."

Hakunipa cheti cha kufundisha. Akasema atarudi mara moja tu kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo nitafundisha mtoto wa kweli mbele ya macho yake. Nikishindwa hapo, basi.

Ubwa aliumia kuliko mimi. Alizunguka banda, akaokota kamba, akaitupa. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliniambia. "Hiyo umeisikia tangu mtoto. Jitie woga, Bi Bashira, hata wa uongo. Darasa litafungwa."

"Woga wa uongo unafanywaje?"

"Sijui! Piga ukelele!"

Nilijaribu, siku moja nikiwa peke yangu nje. Nikafungua kinywa, nikasema, aa. Kilitoka kitu kama mtu anayemwonyesha daktari koo. Nikafunga kinywa, nikarudi.

Salhiya alirudi mwezi wa Rajabu. Asubuhi ilikuwa shwari, upepo wa wastani, bahari imejaa vizuri mpaka karibu na banda. Ummkulthum ndiye aliyechaguliwa, kwa sababu aliinua mkono kabla swali halijesha. Wasichana wenzake walipangana ukutani kutazama, maana walijua kinachopimwa pale ni darasa lao. Mtoto alikuwa ameshavaa kila kitu, suruali, kofia, jaketi, anaruka mguu mmoja mmoja.

Halafu akaja babu yake.

Mzee Machano ni Mtumbatu, baharia mstaafu wa meli za mizigo, na alikuwa hajapata kuja, ingawa habari zangu na za msiba wangu alikuwa akizipata kwa mjukuu wake. Alikuja na kanzu na kofia ya viua, mkongojo mkononi, akasimama mchangani akakitazama chombo chetu.

"Shikamoo, mzee wangu," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Mimi nilidhani beseni la kufulia." Akakigonga kwa mkongojo. "Na tundu hii?"

"Ya kutolea maji."

"Ala! Chombo kinatobolewa makusudi. Haya, nimekuja kuangalia tu. Sisemi kitu."

Ummkulthum alipomwona babu yake alikimbilia banda, akarudi amejifunga mtandio juu ya ile kofia. Mtandio mkubwa wa pamba, wa mama yake kwa nilivyouona, umezungushwa kichwani na mabegani. Kofia ya klabu inasitiri kila unywele, lakini inabana, inaonyesha kichwa kilivyo na shingo ilivyo, na babu hakuwa amemwona hivyo mbele ya wanaume wa pwani. Mtoto alifanya heshima. Hakuna aliyemwambia. Mzee Machano alimtazama akatikisa kichwa kidogo, ameridhika.

Mimi niliuona ule mtandio. Darasani nilikuwa nimewaambia wasichana wenyewe: kitu chochote kinachoning'inia hakiingii chomboni. Lakini kumvua mtoto wa kike mtandio pwani, babu yake amesimama, watu wanatazama, ni jambo ambalo kwetu mtu halifanyi. Nilimkaribia, nikaukaza, nikauchoma pini chini ya kidevu, nikazitia ncha zote mbili ndani ya jaketi. Ukaonekana nadhifu. Salhiya wakati huo alikuwa anapanda boti ya mpira na Ubwa, ametupa mgongo. Hakuna kilichoniambia chochote. Nikasukuma chombo.

Mtoto alikuwa hodari. Alishika usukani, mimi nikawa namwelekeza kwa maneno machache, na chombo kilibisha vizuri mpaka boya la kwanza. Nyuma yetu boti ya mpira ilikuja taratibu. Nilimwona Salhiya ameweka mikono magotini, anatazama.

"Bi Bashira, babu ananiona?"

"Anakuona."

"Amesimama au amekaa?"

"Tazama tanga, usitazame babu."

Boti ya Dar ilikuwa inaingia Malindi. Huwa inaingia kila siku, na kila siku mawimbi yake yanatufikia baadaye kidogo, mafupi na mazito, tunayapanda kwa omo, ncha ya mbele ya chombo, na maisha yanaendelea. Nilimwambia Ummkulthum, "Mawimbi yale, yapokee kwa mbele." Akasema naam. Alikuwa amegeuza shingo kidogo kutazama pwani. Wimbi la kwanza lilitukuta ubavuni, akavuta usukani alipotakiwa kusukuma, tanga likaruka upande wa pili, na tukapinduka.

Nilitoka juu ya maji kama siku zote. Chombo kimelala, tanga limetandikwa juu ya bahari kama shuka. Nikangoja kichwa chake. Amelifanya hili mara nyingi, anajua kufuata mshono wa tanga mpaka ukingoni, hata huwa anatoka akiimba. Nikangoja. Tanga likainuka kidogo katikati, kama mtu anayelisukuma kwa kiganja, likatua.

Likainuka tena, mahali pale pale.

Niliingia chini. Maji ya kijani, mwanga unapita kwenye tanga, na Ummkulthum yuko pale anavuta kichwa kama mbuzi aliyefungwa. Ncha ya mtandio ilikuwa imetoka jaketini ikaingia kwenye kapi, lile gurudumu dogo linalopitisha demani, na kamba imeikaza juu yake. Nikavuta. Pamba iliyolowa haitelezi. Nikavuta tena, nikamwona macho yamefunguka wazi, ananitazama mimi. Hakuwa anatazama juu wala chini. Ananitazama mimi. Nikaingiza vidole chini ya kidevu chake nikaitafuta pini, pini niliyoichoma mwenyewe, nikaivunja badala ya kuifungua, mtandio ukalegea, nikamshika kwa jaketi nikatoka naye.

Alikohoa. Alitapika maji. Alivuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia. Halafu, na hili ndilo sitalisahau, akacheka.

"Bi Bashira, nimekunywa bahari nzima!"

Kitu kikanikamata hapo. Nikashika ukingo wa chombo, na ukingo ukatetemeka. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikajiona naoza. Mtoto alikuwa mzima mbele yangu, anafuta pua, na mimi nilikuwa namwona amekufa, namwona amekufa mara nyingi, kila nilipofumba jicho. Nikamkamata shati kwa nyuma nikawa simwachii.

Boti ya mpira ilifika. Ubwa alikuwa amepauka uso. Salhiya akauliza, "Mko salama? Mnaweza kukiinua mkaendelea?" Ndivyo anavyotakiwa kuuliza, na ndivyo mwalimu anavyotakiwa kuweza: unainua, unapanda, unamalizia somo.

"Tunaweza!" alisema Ummkulthum.

"Hatuwezi," nilisema. "Mchukueni mtoto. Mrudisheni kwa babu yake."

"Bashira, ukikatisha hapa, mtihani..."

"Mchukueni mtoto!"

Huo ulikuwa ukelele. Hata Ubwa alirudi nyuma. Walimpandisha, na mimi nilijaribu kukinyanyua chombo peke yangu nikashindwa, miguu haikukanyaga ule ubao. Mimi niliyekuwa nakinyanyua huku nawaza chakula cha jioni. Wakanivuta pamoja na chombo kwa kamba mpaka pwani, mbele ya wasichana wote, nimeshikilia kama gunia.

Mzee Machano alikuwa ameingia majini na kanzu yake mpaka magotini. Alimshika mjukuu wake bega, akamgeuza mbele na nyuma kama anayenunua kitu sokoni. "Beseni lenu lilitaka kuniulia mtoto!" alimpigia kelele Ubwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona Ubwa amekosa sauti.

Salhiya alinivuta kando. "Ilikuwaje? Alichelewa kutoka."

Ningeweza kusema wimbi. Wimbi kila mtu aliliona, na mtoto asingenisema.

"Mtandio ulinasa kwenye kapi," nilimwambia. Meno yalikuwa yanagongana, ilibidi niyarudie maneno. "Niliuona kabla hatujaondoka. Nikauchoma pini mimi mwenyewe."

"Hukumvua kwa nini?"

"Babu yake alikuwa amesimama."

Alimtazama mzee, akanitazama mimi. Yeye pia ni mtoto wa watu wa pwani, anajua. "Na mimi ningeona haya," alisema. "Lakini ungempeleka nyuma ya banda. Hatua chache tu."

"Ndiyo."

"Siwezi kukupa cheti, Bashira."

"Usinipe."

"Safari hii nilirudi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sasa nitarudi kwa ajili yako. Nitazungumza na bodi, baada ya Idi nije, lakini wao ndio watakaoamua kama darasa litangoja. Utakuwepo?"

Nilikuwa natazama mchanga, na mchanga ulikuwa unacheza.

Nikaenda kwa Mzee Machano. Sikutumwa. Nilijua kwamba nikimwambia, atamwondoa mtoto, na akimwondoa huyu, wazee wengine watawaondoa wao, na bodi haitakuwa na la kungojea. Nilijua yote hayo vizuri. Lakini nilikuwa nimeyaona yale macho chini ya tanga.

"Mzee wangu," nilisema. "Si beseni wala si wimbi. Ni ule mtandio. Ulimnasa akawa hawezi kutoka. Nilijua hautakiwi chomboni, nikaona haya kumvua mbele yako."

Mtandio wenyewe, uliorudi na chombo, alikuwa ameushika yeye mkononi, unamchuruzikia kanzu.

"Kwa hivyo kwa ajili yangu mimi," alisema.

"Kwa ajili ya haya zangu."

"Ungemvua, ningekasirika?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui," alisema. Aliukamua ule mtandio taratibu, maji yakamwagika miguuni pake. "Huenda ningekasirika."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua kinywa niseme nisamehe, mzee wangu, na neno lililotoka lilikuwa Kheir. Nikajaribu tena, likatoka lile lile. Kheir. Nikamwona amekaa ukumbini, mikono magotini, mzito, na nikaogopa, hapo mchangani, kwa mwili mzima, kwamba hatainuka. Kwamba nitarudi nyumbani na hatakuwepo, na kesho hatakuwepo, na hakuna tanga la kuingia chini yake nikamtoe. Nikakaa kwenye maji ya ukingoni. Sauti iliyonitoka sikuijua. Ilikuwa mbaya, ya mnyama, na haikutaka kwisha.

Pwani ile haikosi watu. Wapo wachukuzi, wapo vijana wa kuruka majini, wapo wageni na simu zao. Niliwasikia wakisogea. Mzee Machano akanipa mgongo. Akasimama baina yangu na wao, akapanua miguu, akaishika kanzu yake iliyolowa kwa mikono miwili na kuitandaza huku na huku, mwanamume mzee amesimama kama pazia, akawakodolea macho mmoja mmoja mpaka wakaanza kutazama kwengine.

Ummkulthum alikuja akasimama kando yake. Nilimsikia akinong'ona.

"Babu, Bi Bashira ana nini?"

"Mwalimu wako amefiwa na mumewe."

"Lakini babu, si mwaka jana hiyo? Si fundi Kheir?"

"Leo," alisema mzee, bila ya kugeuka. "Kaa chini, tumngoje."